Kuja na Kwenda kwa Mstari Mmoja

Mwandiko wangu ulisomwa bungeni Kinshasa. Mwanamke mmoja alisimama mbele ya wabunge, akavaa miwani, akafungua rejista yenye jalada lililoliwa na mende, akasoma kwa sauti: "Saa mbili asubuhi. Upepo wa mlimani, mwepesi. Ng'ombe kumi na mmoja kwenye piste. Rubeni amewaita, wametoka. Mama mmoja mjamzito ameletwa kwa machela kutoka milima ya juu. Ndege imekuja, imekwenda."

Alisoma kwa Kiswahili chetu kwanza, kisha kwa Kifaransa. Kwa hiyo ukumbi ulicheka mara mbili juu ya ng'ombe wale wale: walianza wabunge wa mashariki, wakafuata wengine. Alipofika kwenye machela hakucheka mtu.

Mimi nilikuwa Songo, hapa Uvira, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nikitazama simu ya mke wangu iliyoegemezwa kwenye thermosi ya chai. Maneno yale niliyaandika kwa kalamu ya bluu, nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa katika uwanda wa Ruzizi, nikiamini kwamba wasomaji wake watakuwa mimi na panya. Tangu siku hiyo siwezi kuandika hata orodha ya vitu vya sokoni bila kujiuliza itafika wapi.

Ninyi vijana mnaoanza kazi za serikali mmeniomba niwaeleze kazi yangu ilikuwaje. Nitawaeleza kama ninavyoikumbuka, bila kufuata miaka, na mwisho mtaona kwa nini rejista ile bado inanisumbua.

Nilikuwa ajenti wa kiwanja kidogo cha ndege, upande wa barabara ya kwenda Katogota. Msifikirie mnara wala vioo. Tulikuwa na piste, yaani njia ya ndege kutua na kuruka, ya udongo mwekundu, mfuko wa upepo juu ya mti wa chuma, redio ya mawasiliano tuliyoiita foni, baiskeli moja, na rejista. Kiwanja kilikuwa mali ya serikali, na sisi tulikuwa watu wa serikali, ingawa serikali yenyewe ilikuja kututazama mara chache.

Aliyenifundisha aliitwa Papa Lubunga. Alivaa buti za mpira hata wakati wa kiangazi, na alikuwa na vidole vinene vilivyokuwa, kwa kweli, chombo cha kazi. Mtaelewa sasa hivi. Baada ya mvua hatukuwa na mashine ya kutuambia kama udongo umekauka. Tulifunga gunia la mchanga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, tukaisukuma polepole kutoka mwanzo wa piste hadi mwisho. Halafu tulirudi kwa miguu, tukiinama kila hatua ishirini, na kuingiza kidole kwenye alama ya gurudumu. Kidole kikilala juu, ndege ije. Kikizama, kuna mazungumzo.

"Kiungo cha kwanza, rubani abakie Bukavu," aliniambia siku ya kwanza. "Kiungo cha pili, weye mwenyewe rudi nyumbani kwa bibi yako."

"Na kidole kikiingia chote?"

"Kikiingia chote, panda mupunga."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinipa baiskeli.

Jambo ambalo mtu hujifunza polepole ni kwamba udongo hudanganya kwa juu. Jua la asubuhi hukausha ngozi yake haraka, ukaona unang'aa kama sahani, kumbe chini bado ni uji. Macho hayatoshi, lazima gunia la mchanga lipite. Likumbukeni hilo, maana nitalirudia kwa aibu.

Upepo nao ulikuwa na ratiba yake. Asubuhi ulishuka kutoka mlimani kwenda ziwani, na kabla ya saa sita uligeuka, ukatoka ziwani kwenda mlimani. Kati ya nyakati hizo mbili kulikuwa na muda mfupi ambapo haukujua unakwenda wapi, na huo ndio wakati ambao marubani wageni walipenda kuutumia. Papa Lubunga alinifundisha kutazama migomba ya upande wa ziwa. Majani yakigeuza tumbo, upepo wa ziwa utafika kwenye mfuko wetu kabla hujamaliza kuvuta maji ya kunywa. Sijawahi kuona ikikosea. Mpaka leo nikiona mgomba unageuza majani, mkono wangu unatafuta foni.

Mfuko ule wa upepo uliibiwa mara moja. Ulikuwa wa kitambaa kizuri, chekundu na cheupe. Tuliuona baada ya wiki mbili, sokoni, umeshonwa suruali ya mtoto. Mama wa mtoto alisema aliununua kwa mtu, na sikuona sababu ya kumvua mtoto nguo mbele ya watu. Papa Lubunga alisimama akimtazama yule mtoto, suruali ikipeperuka, kisha akanigeukia na kusema kwa sauti ya kazi kabisa: "Upepo wa kusini." Kwa miezi miwili iliyofuata tulichoma nyasi mbichi na kuwaonyesha marubani moshi.

Sasa ng'ombe. Kiangazi kikikaza, wafugaji hushuka kutoka milima ya juu na ng'ombe wao, na nyasi za kando ya piste zilikuwa nzuri kuliko zote kwa sababu hakuna aliyelima pale. Ndege ikitangazwa, tulikuwa na kazi ya kuwaondoa. Tulikimbia, tukarusha mawe, tukapiga madebe. Ng'ombe mmoja akitoka, wawili waliingia. Siku moja wakubwa wakatutumia king'ora cha kuzungusha kwa mkono. Nilikizungusha kwa nguvu zangu zote. Ng'ombe waliinua vichwa, wakatutazama, wakarudi kwenye nyasi zao. Lakini watu wa kijiji walisikia, wakaja mbio kuona kuna nini, na wote wakasimama katikati ya piste. King'ora kiliongeza viumbe pale kwenye udongo. Ndege ilizunguka hewani mara nne.

Mfugaji mmoja, Papa Rubeni, alikuwa akitutazama siku hiyo, ameegemea fimbo yake. Alikuwa mtu wa milima ya juu, mlokole, mpole, asiyesema maneno mengi. Alikuja akasema kwamba sisi tunafukuza, na ng'ombe hafukuzwi, ng'ombe anaitwa. Alitembea mpaka mwisho wa piste, akaweka mkono karibu na mdomo, akamwita ng'ombe mmoja mwekundu kwa jina lake, Bihogo, kwa sauti ndefu ya kuimba. Bihogo alimfuata, na wengine wote wakamfuata Bihogo. Piste ikabaki wazi kabla rubani hajamaliza mzunguko wa tano.

Nilisimama na king'ora mkononi kama mtu aliyebeba sahani kwenye nyumba isiyo na chakula.

Tulifanya naye mapatano bila karatasi. Yeye angewaita ng'ombe kila ndege ikija, na sisi tusingefyeka nyasi za kando kabla ng'ombe wake hawajala. Hivyo usalama wa anga, kwa upande wetu, ulikuwa koo la mtu mmoja, na kazi ya kufyeka ilifanywa na meno ya ng'ombe. Nilipoanza kuandika "Rubeni amewaita" kwenye safu ya maelezo, nilidhani wakubwa wangenikemea. Papa Lubunga alisema niache hivyo hivyo.

"Andika chenye umeona," aliniambia. "Chenye haukuona, acha nafasi. Nafasi haina aibu."

Alinifundisha pia kubana mistari. Rejista mpya ilichukua muda mrefu kufika kutoka Bukavu, na kurasa zilikuwa chache. Kwa hiyo ndege ikitua asubuhi na kuruka baada ya saa moja, tuliandika mstari mmoja tu: imekuja, imekwenda. Kwetu ilikuwa safari moja, kama vile mtu akija kukusalimu husemi amekutembelea mara mbili kwa sababu aliingia mlangoni na akatoka. Niliandika hivyo maisha yangu yote ya kazi. Nilimfundisha hivyo hata aliyenirithi.

Mara moja tu nilipanda. Rubani mmoja alikuwa anajaribu injini baada ya kuitengeneza, akaniuliza kama nataka kuona kazi yangu. Tulipanda tukielekea ziwani, akainamisha bawa. Niliona Ruzizi ikiingia ziwani kwa vidole vingi vya matope. Niliona Bujumbura ng'ambo, karibu sana kama mtaa mwingine wa Uvira, na mji wetu umebanwa kati ya mlima na maji, mwembamba kama kamba. Halafu alinionyesha piste. Ilikuwa mkwaruzo mwekundu, mfupi, kama mtu aliyekuna ngozi kwa ukucha. Nikafikiri: rubani anashuka kutoka katika ukubwa huu wote, na kinachomfanya aamini mkwaruzo ule ni neno langu kwenye foni.

Ningependa kuwaambia kwamba tangu siku hiyo sikukosea. Nilikosea vibaya zaidi baada ya hapo.

Papa Lubunga alikuwa ameshastaafu. Mvua ilikuwa imenyesha, na tulikuwa tunamsubiri mkubwa mmoja wa jimbo. Kwaya ya shule ilikuwa imepangwa kando ya piste tangu alfajiri, ngoma zilikuwapo, na mtu wa itifaki alinijia kila dakika tano akiuliza kama niko tayari. Gurudumu la baiskeli lilikuwa limepasuka. Ningeweza kuomba baiskeli nyingine kijijini. Ningeweza kutembea na gunia mabegani. Mtu wa itifaki akaja akasema ndege imeshatoka Bukavu. Nikatazama piste. Iling'aa kama sahani.

Nikaandika: "Piste imepimwa. Nzuri." Nikasema vivyo hivyo kwenye foni.

Ndege iligusa vizuri, ikakimbia vizuri, na ilipofika karibu na mwisho gurudumu la mbele likazama. Mguu wake ukavunjika, ikalala kwa pua taratibu, kama ng'ombe anavyotanguliza magoti ya mbele. Hakuumia mtu. Mkubwa alitoka mlangoni na matope kwenye suruali, akajikuta mbele ya kwaya, na kwaya ilikuwa inaendelea kuimba kwa sababu hakuna aliyewaambia waache. Akawapungia mkono. Wao wakaongeza sauti.

Ripoti ilisema mvua. Wenye ndege walikuja wakachukua injini, viti na saa zake zote za vipimo, wakaliacha bati. Watu wa kijiji walilivuta kwa kamba mpaka kando, na liko pale. Kwenye rejista niliandika "Ndege imekuja", nikaweka kalamu chini. Nafasi ya "imekwenda" niliiacha wazi.

Nilimwendea Papa Lubunga nyumbani kwake. Aliuliza neno moja: "Ulipima?" Nikamwambia sikupima. Alikuwa anachambua maharage. Akaendelea kuchambua, kisha akasema, "Ungeacha nafasi, Kiza." Hakulitaja tena mpaka alipofariki, na mimi sikumwambia mtu mwingine yeyote.

Sasa nifike kwenye mambo ya bunge, maana ndiyo mliyoniuliza.

Sheria iliyoletwa ilikuwa ya kupanga upya viwanja vya ndege vya serikali. Kwa maneno ya kawaida ilisema hivi: viwanja vikubwa vitasimamiwa na kampuni mpya ambayo serikali itaishika pamoja na wenye mtaji, vya kati vitapewa majimbo, na vidogo visivyo na kazi vitaondolewa kwenye orodha, ardhi yake igawiwe kwa matumizi mengine. Mwishoni mwa sheria kulikuwa na jedwali la vile vya kuondolewa. Chetu kilikuwamo.

Nilijua maana yake kabla sijamaliza kusikia. Barabara ya uwanda ikikatwa na mito, na mnajua inavyokatwa, mgonjwa wa mlimani hana njia nyingine ya kufika kwa daktari wa upasuaji. Mama yule wa machela alitoka juu kwa siku mbili, mabegani mwa wanaume wanane. Mkishaigawa piste ile viwanja vya nyumba, hakuna atakayebomoa nyumba ili ndege itue.

Wakati wa mapumziko ya bunge, mbunge wetu, Onorable Furaha, alikuja kwangu Songo kwa pikipiki. Ni mwanasheria, bado kijana, na anauliza maswali kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Aliomba kuona rejista. Nilizitoa kwenye sanduku la bati. Hazikuwahi kuja kuchukuliwa, nami sikuwa na moyo wa kuzitupa. Alikaa nazo toka asubuhi mpaka saa kumi, akila ndizi za Mama Neema, mke wangu, bila kutazama sahani. Halafu akaweka kidole kwenye mstari.

"Papa Kiza, hii ndege yenye ilikuja hapa, ilirudia lini?"

"Siku ile ile."

"Iko wapi? Minye sioni."

"Hapo hapo. Imekuja, imekwenda."

"Sasa hii ni mouvement moja ao mbili?"

Nikamwambia moja. Aliondoa miwani. Akanieleza, polepole, kwamba pale Kinshasa na duniani kote, kutua ni mouvement moja na kuruka ni mouvement nyingine. Jedwali la sheria lilikuwa limechukua idadi ya mistari ya rejista yetu, tuliyoituma Bukavu kila mwezi, na kila mstari limeuhesabu mara moja. Kiwanja chetu kilionekana na nusu ya kazi yake. Kwa nusu hiyo kilianguka chini ya kipimo cha kubaki kwenye orodha. Kwa hesabu kamili kingebaki juu.

Hakuna aliyetuonea. Ni mimi na Papa Lubunga, kwa ajili ya kubana karatasi.

Mama Neema, aliyekuwa akisikiliza toka jikoni, alisema, "Miaka yote ile ulikuwa unajua kuhesabu watoto wangu vizuri, ndege zikakushinda." Onorable alicheka. Mimi nilijaribu.

Aliondoka na rejista zote, zimefungwa kwenye kitenge. Na siku ya mjadala ndipo nilipokaa mbele ya ile simu na thermosi.

Naomba mnielewe: nimeona ndege zikitua kwenye matope, nimeona ziwa kutoka juu, lakini sijapata kuona kitu kilichonishangaza kama ukumbi ule. Watu wengi hivyo, kutoka misitu na mito ambayo sitaifikia, wamekaa wanabishana juu ya udongo niliousukumia baiskeli. Mbunge mmoja aliyeiunga mkono sheria alisema taifa haliwezi kutunza viwanja ambavyo ng'ombe ni wengi kuliko ndege. Alisema kwa adabu, na kwa kweli hakukosea hesabu ya ng'ombe. Ndipo Onorable Furaha aliposimama na kusoma. Baada ya machela, akaeleza jambo la mstari mmoja.

Yule mbunge akainuka tena. Akauliza swali ambalo ningeliuliza mimi kama ningekuwa yeye: ni nani anayethibitisha kwamba ndege hizo ziliruka? Rejista inasema imekwenda, lakini haina saa, haina mstari wake.

Kisha mzee mmoja, mbunge wa upande wa mto mkubwa, mbali kabisa na sisi, akaomba neno. Alisema kwa utulivu kwamba kama ndege zile hazikuruka, basi ziko Uvira zimeegeshwa, na yeye anapendekeza bunge litume ujumbe ukazihesabu.

Ukumbi uliangua kicheko. Hata yule muuliza swali alicheka, akapiga meza. Hapa kwangu majirani walikuwa wamejaa uani, wakashikana mabega. Mama Neema alifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Mimi peke yangu sikucheka, kwa sababu nilijua kwamba ujumbe ukija utaikuta moja.

Mjadala uliisha hivi: sehemu kubwa ya sheria iliendelea, na kifungu cha viwanja vidogo kilirudishwa kwenye kamati pamoja na rejista zangu. Kamati iliomba kitu kimoja ili ihesabu upya, yaani tamko la aliyeshika rejista, kwa mkono wake na sahihi yake, kwamba ndege zote zilizoandikwa kuja zilikwenda, na kwamba rejista ni ya kweli.

Onorable alinipigia simu siku iliyofuata, sauti yake imejaa furaha. Alikuwa tayari ameniandalia sentensi. Nikamwambia moja haikwenda.

"Ile ya bati? Papa, ile kila mutu anaijua. Ilivunjika, ni mvua. Andika zote. Hapana mutu atauliza."

Nikamwambia haikuwa mvua peke yake. Nikamweleza baiskeli, kwaya, mtu wa itifaki, na maneno yale mawili, imepimwa na nzuri. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa sauti tangu nyumbani kwa Papa Lubunga. Nilikuwa nimesimama uani nikishika kamba ya nguo.

"Papa Kiza," akasema, "ukiandika vile, watasema kama huu mustari ni uongo, ile mingine njo nani anaijua? Watatupa rejista yote. Kiwanja kitaenda. Na ukikosa kuandika, iko watu wawili tu wenye wanajua, weye na minye."

Nikamwambia Papa Lubunga alijua pia.

"Papa Lubunga alishakufa."

"Ndiyo," nikamwambia. "Ila ni yeye alinifundisha kuandika."

Hakunikaripia. Alisema ni karatasi yangu, na kwamba yeye ataipeleka vile itakavyokuwa.

Nilikwenda kiwanjani kabla ya kuandika. Sasa yule aliyenirithi anapiga picha ya piste kwa simu na kumtumia rubani, na rubani anaikuza kwa vidole viwili hukohuko Bukavu. Ni jambo la ajabu, nami sina neno nalo, ila nilimuuliza kama bado anapitisha gunia, maana picha nayo hukaa juu ya udongo. Akanionyesha baiskeli. Nilifurahi sana.

Papa Rubeni alikuwapo, amezeeka, sauti imekwisha. Sasa anayeita ni binti yake, kwa wimbo ule ule. Nilimweleza shida yangu, kwa sababu kiwanja kile kikienda hasara itakuwa yao kuliko yangu. Mama yule wa machela ni mke wa mdogo wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama ndege ile siku ile ilikuwa na watu ndani. Nikasema watu sita. Aliuliza kama niliwahi kuwaambia. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, si kwa hasira, akamtazama binti yake akiita ng'ombe, na hakuniambia nifanye nini.

Niliandika tamko nyumbani, kwa kalamu ya bluu, katika ukurasa mmoja. Niliandika kwamba ndege zote zilizokuja zilikwenda isipokuwa moja, ambayo iko kando ya piste na inaweza kuonekana. Niliandika kwamba siku hiyo sikupima, na kwamba maneno yanayosema nilipima ni ya uongo na ni yangu. Niliandika kwamba mistari mingine yote niliiona kwa macho yangu. Nikaweka sahihi. Mama Neema aliisoma, akaikunja vizuri kuliko nilivyoweza mimi, akaipiga picha kwanza na kuituma kwa Onorable, halafu tukaitia kwenye bahasha.

Alama mbili za kwenye simu ziligeuka buluu siku ile ile. Onorable ameisoma. Bahasha nayo ilifika. Mtu wake alinithibitishia.

Kamati haijakaa. Wengine wanasema itakaa kikao kijacho, wengine wanasema jedwali la zamani litapita kama lilivyo. Kule uwandani binti wa Rubeni bado anaita, na mchana, upepo wa ziwa ukianza, mbuzi wanalala chini ya bawa la ndege ile. Rejista iko Kinshasa, na katika mstari wa siku ile, baada ya neno "imekuja", bado kuna nafasi.